Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri

Ngamiani, Tanga
17 Juni

Mheshimiwa Mwenye Muhuri,

YAH: KUOMBA GARI LANGU LIRUHUSIWE KUNINGOJA

Shikamoo.

Najua barua za kiofisi hazianzi na shikamoo, zinaanza na kichwa cha habari, nami nimeshakiweka hapo juu. Lakini nimelelewa Likoni na bibi ambaye mtu akipita mlangoni kwake bila kusalimu alimwita arudi apite upya, na mtu wa cheo chako siwezi kumpita hivihivi. Hata hiyo YAH nimejifunza hapa Tanga. Kwetu tulifundishwa kuandika MINTARAFU, na mwalimu alikata alama mbili kwa asiyeipigia mstari. Nimejizuia nisipige mstari.

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako na hiyo kazi nzito ya muhuri. Jina lako silitaji. Si kwa woga: mlangoni kwako pameandikwa cheo tu, na mlango wenyewe sijabahatika kuukuta wazi nikasoma kibao cha mezani. Ofisi nayo siitaji, kwa kuwa wenye kuijua wanaijua na wasioijua Mungu awaepushie.

Naandika barua ya wazi kwa sababu zile nilizozifunga, tatu kwa idadi, zilipokelewa vizuri mno. Kila moja iligongwa IMEPOKELEWA, ikaandikwa tarehe kwa kalamu ya bluu, nakala nikarudishiwa mkononi. Sijapata kupokelewa vizuri namna hiyo popote, hata ukweni. Ni kujibiwa tu ndiko kulikobaki.

Naomba nijitambulishe. Mimi ni fundi mitambo kwenye shamba moja la mkonge, njia ya Muheza. Kazi yangu ni ile mashine ya kuchuna majani ambayo watu wa mkonge, tangu zamani za wazee wetu, tunaiita korona. Jina hilo lilitutia taabuni mwaka 2020: ukimwambia mtu kwenye daladala kwamba umeshinda na korona tangu alfajiri, unaachiwa siti nzima peke yako. Mimi ni Mkenya. Nina kibali cha kazi, na nina, au nilikuwa nacho, au bado ninacho, kibali cha ukaazi cha daraja B. Ni hicho kitenzi, Mheshimiwa, kilichonishikisha kalamu.

Gari langu ni Probox nyeupe ya mwaka 2012. Lilishushwa bandarini Mombasa 2019 likiwa na miaka saba, likawahi kupita kabla ya ile miaka minane ambayo Kenya haipokei tena gari lililotumika. Lilitozwa kila linalotozwa, likapewa namba inayoanza na KC. Natambua Probox si gari la kumtajia mtu mkubwa. Kwetu ni gari la miraa, la walimu wakuu, na la mwanasiasa anayetaka kuonekana mnyonge wakati wa kampeni. Lakini ukilaza viti vya nyuma linameza beringi, mikanda ya mashine na boksi zima la vipuri, na bado dereva anaona nyuma. Ndilo linalonifikisha kazini mtambo ukigoma usiku.

Sasa nije kwenye sheria, na hapa naomba niipongeze kwanza. Sheria ya forodha ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, inasema kitu kilichoingizwa kwa matumizi ya muda hakitozwi ushuru, mradi kitoke ndani ya muda kilichopewa, na muda huo usizidi miezi 12. Nimeisoma na sina ugomvi nayo. Gari lisije kutembea halafu likazeekea hapa mpaka likafunga ndoa. Kwa hiyo kila mwaka nilifanya inavyotakiwa. Natoka Tanga asubuhi, kilomita sitini na kitu hadi Horohoro, navuka, nakunywa chai ya rangi na mahamri Lunga Lunga, nageuza. Vijana wa mpakani ni waungwana. Wanainama kutazama namba ya chasisi kwa tochi ya simu, wanatazama kadi ya njano ya bima, wanatazama kibali changu cha ukaazi, wanaliandikia gari tarehe ya kutoka. Na tarehe hiyo, hapa ndipo penyewe, haivuki tarehe ya kibali changu. Nikiisha mimi, na gari limeisha.

Kibali changu kiliisha tarehe 14 Machi. Gari nalo, 14 Machi.

Usidhani nililala. Maombi ya kuongeza muda niliyapeleka kwa jirani yako, mwenye vibali vya watu, mapema Januari: barua ya mwajiri, mkataba, kibali cha kazi kilichokwisha kuhuishwa, picha za pasipoti ambazo zote nimetoka kama mtu anayetafutwa. Nikalipa kwa namba ya malipo, nikapewa risiti, nikaambiwa neno ambalo kati ya yote niliyojifunza nchini humu ndilo nililolipenda kuliko mengine: mchakato. Kwetu wangesema tu "bado." Mtu akikuambia bado, unaweza kumuuliza lini. Akikuambia jambo liko kwenye mchakato, unaona haya kuuliza, kama mtu aliyebisha hodi wakati watu wanakula.

Januari ikaishia kwenye mchakato. Februari mtandao ulisumbua. Machi mwenye kuidhinisha alikuwa kwenye kikao Dodoma. Simlaumu, mimi mwenyewe nikiitwa Dodoma nitakwenda.

Una haki ya kuniuliza kwa nini sikulitoa gari nje kabla ya tarehe 14. Nitakujibu kwa ukweli, ingawa haunirembi. Sababu ya kwanza, wiki ile beringi ya ngoma ya korona ilikufa na majani yalikuwa yamekwisha kukatwa. Mkonge uliokatwa haungoji kikao. Sababu ya pili, niliiamini risiti. Niliishika nikaona ina nembo, ina namba, ina kiasi nilicholipa, nikajiambia nchi iliyopokea fedha zangu za kuniongezea muda haiwezi kushangaa kunikuta bado nipo. Na kweli, kwa upande wangu haikushangaa. Kwa jirani yako nikionyesha risiti nasomeka kuwa mtu anayengoja jibu, napewa pole. Mimi niko salama. Tatizo langu lina matairi manne.

Tarehe 13 Machi nilikuja dirishani kwako. Nimhifadhi yule binti aliyenihudumia, kwa kuwa alikuwa na adabu kuliko mimi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Nikampa risiti.

Akaisoma mbele na nyuma. "Baba, hii ni ya mtu. Ya gari iko wapi?"

"Gari halina maombi yake, mama. Linafuata yangu."

"Basi lingoje yako."

"Nalo linaweza kungoja likitembea?"

"Hapana baba, kuanzia keshokutwa halitakiwi barabarani. Labda ulipeleke mpakani lipate kibali kipya."

"Leo hii nikilipeleka?"

"Leo wataliandikia siku zilizobaki kwenye kibali chako."

"Moja."

"Moja, baba."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa halitakiwi barabarani."

Tulitazamana kwa upole mkubwa sana. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na hakuna hata mmoja aliyeguna, kwa maana wote walikuwa wanapiga hesabu ileile: gari lisilo na kibali halitakiwi barabarani, kibali linakipata mpakani, na mpakani, kwa jinsi Mungu alivyoiumba wilaya ya Mkinga, kunafikiwa kwa barabara. Mzee mmoja aliyekuwa na bahasha ya kaki akashauri kwa sauti ya chini kwamba lipakiwe kwenye jahazi. Sikucheka, kwa sababu kwa nusu dakika nililifikiria.

Nilimwendea pia mwenye gari la kuvuta. Alinitajia bei yake, halafu akakuna kichwa akaniuliza: likivutwa si litakuwa barabarani vilevile?

Kwa hiyo liko hapa uani, chini ya mwarobaini wa Bi mwenye nyumba, na leo ni siku ya 95. Naomba nikueleze hali yake maana mgeni akiwa mgonjwa mwenyeji hujulishwa. Betri nimeichomoa nikaiweka chini ya kitanda. Tairi la mbele kulia limekaa chini. Kuku mmoja amechagua kutagia chini ya injini, na kila asubuhi mtoto wa jirani huingia kwa tumbo akatoka na yai moja na utando wa buibui. Vumbi la kioo cha nyuma limekuwa ubao wa mtaa. Kwanza liliandikwa NIOSHE, baadaye KENYA, kisha mtu akafuta KENYA akaandika SIMBA, na juzi kuna wa Yanga aliyepita na kitambaa chenye maji akasafisha kioo chote. Ndilo osho pekee lililopata tangu Machi.

Na nina la kuungama. Mwezi wa Aprili, kabla sijachomoa betri, nililiwasha nikalisogeza mita tatu kufuata kivuli. Uwanja ni wa mtu binafsi, na sikukusudia kuvunja sheria ya nchi, ila tairi la nyuma kushoto liligusa ukingo wa mtaro, na sina hakika kama mtaro ni uani au ni barabarani. Kama ni barabarani, nakuja mwenyewe, usimtume mtu.

Kazini nakwenda kwa daladala, halafu bodaboda. Beringi moja ya korona ni mzigo wa kutosha pajani; mbili, dereva wa bodaboda anadai zilipe nauli kama abiria, na siwezi kusema ananionea.

Mheshimiwa, nisikuchoshe na habari za kazi yangu, ila moja tu. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge tunayolisha mashine, singa tunazopata ni kama kilo 4. Yaliyobaki ni maji na makapi yanayokwenda na mfereji. Nilikuwa nikidhani hakuna shughuli nyingine duniani inayoingiza kingi na kutoa kidogo namna hiyo, mpaka nilipohesabu karatasi nilizowasilisha tangu Januari.

Na mkonge wenyewe! Mara nyingi nikiwa shambani namfikiria yule Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, aliyeuleta hapa mwaka 1893. Asili yake ni Yucatan, Mexico, ambako hawakutaka mbegu zake zitoke. Akaagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ikapita Hamburg, mingi ikafia njiani, ikafika 62. Sitini na miwili, isiyo na kibali cha kwao wala cha kwetu, ikapandwa upande wa Pangani. Hakuna aliyeiandikia tarehe ya kutoka. Imezaa Tanga yote unayoiona, reli zilijaa marobota yake, watu wakaja kuukata kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Sisemi gari langu litazaa chochote. Nasema tu kwamba mji huu una mazoea ya zamani ya kuishi na mgeni ambaye karatasi zake hazijakaa sawa.

Nisieleweke kwamba sijui mipaka ina historia. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msaidizi wa dereva wa treni katika Reli ya Afrika Mashariki, njia ya Voi kwenda Kahe. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na mpaka ukafungwa, alikuwa upande wa Voi. Kofia yake ya kazi na koti la mvua vilikuwa Moshi. Alikuwa akisema siku ile behewa lililokutwa huku likawa la huku, na lililokutwa kule likawa la kule, na hakuna aliyeliuliza behewa. Mpaka ulifunguliwa 1983. Koti lilikuwa limekwisha kupata mvaaji.

Tumefika mbali tangu hapo, na nasema bila kebehi. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha 1999. Umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010. Leo Mkenya anayekuja kuzurura tu anagongewa miezi sita bila kulipa senti. Nalitaja hili kwa tahadhari, kwa kuwa nimelitafakari usiku nikaona lina mtego: ningekuja Tanga kukaa baraza la Raskazone nikitazama bahari, ningekuwa mtu asiye na tatizo lolote. Nimekuja kutengeneza korona. Kwa hiyo si mgeni, sipewi ya wageni. Na ukaazi uko kwenye mchakato, sipewi ya wakaazi. Niko pale katikati ambapo shati langu limebanwa na mlango.

Na naukumbuka mwaka 2017, vifaranga 6,400 waliotoka kwetu wakachomwa Namanga. Gari langu si kifaranga. Ila limetoka upande uleule, na wewe ndiye mwenye kiberiti, ndiyo maana unaniona naandika kwa sauti ya chini hivi.

Wako walionishauri nilimalize kabisa: nililipie kodi ya hapa, liandikishwe, livae namba ya T, niache kusumbua watu wazima. Nikamwendea wakala wa forodha, kijana mwerevu wa suruali ya kubana, akanipigia hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa juu yake. Mwingine wa uchakavu, kwa kuwa gari limepita miaka inayovumiliwa. Kisha VAT asilimia 18 juu ya mlima wote huo. Alipofika mwisho alinigeuzia kioo cha simu badala ya kuitamka. Niliitazama nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na gari jingine. Mheshimiwa, gari hili lilikwisha kulipiwa ushuru mara moja, Mombasa, katika umoja uleule wa forodha. Na mkataba wangu ni wa miaka miwili miwili. Nikimaliza nitarudi Likoni, na gari lenye namba ya T nitakuwa naliingiza Kenya kama la kigeni, na huko nako halitapokelewa kwa uzee wake. Litabaki kwenye kivuko likielea.

Sasa nitathubutu kukuonyesha kitu kinachofanya kazi, na naomba usione ninakufundisha. Ile kadi ya njano ya bima ni ya COMESA. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Kadi ya njano haikutoka nayo. Mpaka leo nanunua kadi hiyo Mombasa, na nikimgonga mtu Tanga, Mungu apishe mbali, aliyegongwa analipwa. Mtu fulani mwenye cheo kama chako alikaa mezani akasema: siasa ziende zinakokwenda, aliyegongwa hatuwezi kumwambia angoje mchakato. Wakaiacha kadi iendelee. Sijui alikuwa nani, lakini nikikaa kwenye daladala na beringi pajani humwombea dua.

Ombi langu ni hilohilo kwa umbo dogo. Mtu akiwahi kuomba kuongezewa ukaazi kabla kibali chake hakijaisha, akalipa, akapewa risiti, basi risiti hiyo ilibebe na gari lake mpaka jibu litoke. Jibu likiwa ndiyo, gari liende mpakani likaandikiwe tarehe mpya. Likiwa hapana, tuondoke wote wawili siku moja, kwa heshima, sisi wenyewe tukiendesha. Haihitaji sheria mpya wala semina. Nyuma ya risiti pana nafasi nyeupe ya sentimita kama nane kwa kumi, nimeipima kwa rula ya karakana. Muhuri wako, nikikumbuka ule uliogongwa kwenye barua zangu tatu, ni wa duara na haufiki sentimita tano. Unaenea, na nafasi ya saini inabaki.

Sidai kwa ajili yangu peke yangu. Kwenye ile foleni ya tarehe 13 nyuma yangu alikuwepo mwalimu wa Kiganda na gari dogo la bluu, na mama mmoja wa Bujumbura mwenye pikapu ya kubebea vitenge. Wote walikuwa na risiti, wameziweka kwenye nailoni. Nikakumbuka mtu haweki kwenye nailoni karatasi asiyoiamini.

Kuhusu faini, kama ipo, sikatai kulipa. Naomba tu nielezwe inahesabiwa kwa siku gari liliposimama au kwa siku lilipotembea, maana kama ni za kutembea, nadaiwa mita tatu.

Niwie radhi kwa urefu wa barua. Nilikusudia ukurasa mmoja, lakini siku hizi jioni sina gari la kunipeleka popote. Wasalimie wote ofisini, hasa yule binti wa dirisha la pili, mwambie baba wa risiti anamsalimu.

Wako mtiifu,

Fundi wa Korona

Tanbihi, 19 Juni. Nimelazimika kufungua bahasha. Kibali changu cha ukaazi kimetoka leo saa nne asubuhi, kizuri, kimepigwa muhuri sawasawa, namshukuru jirani yako kwa moyo wote. Nilipokisoma nje chini ya mwembe nimekuta hakianzi leo. Kinaanza tarehe 15 Machi, siku moja baada ya kile cha zamani, hakuna pengo hata la usiku mmoja. Maana yake, kwa maandishi ya serikali, sijakosa ukaazi siku yoyote. Nikavuka uwanja mpaka dirishani kwako kuuliza habari za gari. Binti akakisoma, akafurahi kwa ajili yangu kwelikweli, akageukia kompyuta. Gari bado linahesabiwa siku 97 bila kibali, na ili lisamehewe au litozwe sharti lifikishwe mpakani. Nimemuuliza kwa njia gani. Amesema hilo swali niliandike, niliwasilishe, litagongwa muhuri wa kupokelewa.

Basi naliandika hapa: kwa njia gani, Mheshimiwa?